Kuilaza na Kuiamsha Kompyuta kwa Mbali

Mtu atokaye nyumbani kwake Amalemba au Lurambi, Kakamega, asubuhi na mapema, akaiacha kompyuta yake ya mezani inawaka kwa hoja kwamba huenda mchana akahitaji hati iliyomo ndani yake, hujiwekea deni asilolihisi mpaka tokeni za stima zimwishie kabla ya wakati. Na tufanye hesabu. Kompyuta ya wastani, ikikaa bure bila ya kazi, yaweza kula wati 70. Kwa saa 24 kila siku, mwezi mmoja hutimiza uniti 50 na ushei. Kiasi hicho si haba, maana tangu Aprili 2023 bei nafuu kabisa ya stima ya majumbani nchini Kenya ni haki ya wale tu ambao wastani wa matumizi yao hauzidi uniti 30 kwa mwezi. Basi mashine hiyo peke yake, kabla ya taa kuwashwa wala pasi kushika moto, imekwisha kumtoa bwana wake katika daraja hilo. Lau angaliitumia saa 3 kwa siku, na saa zilizobaki ikalala kwa wati 3, uniti 8 hivi zingalimtosha.

Ufundi wa kumwondolea udhuru huo ulibuniwa katikati ya miaka ya tisini, pale kampuni za AMD na Hewlett-Packard zilipotunga ujumbe mfupi wa kuamsha mashine iliyolala. Ufundi huo hujulikana katika mipangilio ya kompyuta kwa jina la Wake-on-LAN. Sehemu kubwa ya mashine huzimika, lakini kadi yake ya mtandao hubaki na umeme kidogo mno, mfano wa bawabu asinziaye huku sikio lake li wazi. Ujumbe wenyewe una baiti 102: 6 za mwanzo ni za kunadi, kisha anwani ya kadi ile hukaririwa mara 16, ili bawabu asiitikie wito wa jirani.

Aghalabu wasifiao ufundi huu husahau kusema kwamba ujumbe huo huamsha tu, haulazi. Kulaza kwataka programu ya kuingia katika kompyuta kwa mbali, au, na hili kwangu ndilo bora, kuiagiza tangu mwanzo ijilaze yenyewe baada ya dakika 15 za kutoguswa. Fauka ya hayo, ujumbe hutembea ndani ya mtandao wa nyumba. Mwenye kuutuma kutoka mjini sharti apitie njia ya siri iliyofungwa kwa nywila, wala asiache mlango wa ruta wazi kwa kila mpita njia wa intaneti. Na ruta yenyewe haina budi kuwaka usiku na mchana: ikila wati 10, hizo ni uniti 7 kwa mwezi, na anayeiwasha kwa ajili ya jambo hili tu amepunguziwa sehemu ya furaha yake. Kwa maoni yangu wanaofaidi zaidi ni wenye maabara za kompyuta, kama zile za Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, ambako fundi mmoja angeweza kuziamsha mashine nyingi usiku ili kuziongezea programu mpya, kisha akazilaza.

Kakamega ina mitihani yake. Stima ikatikapo na kurudi, kompyuta nyingi husahau kusikiliza, kwa kuwa kadi imepoteza ule umeme wake mdogo. Dawa yake ni kuielekeza mashine, katika mipangilio yake ya ndani kabisa, ijiwashe mara umeme urudipo, kisha ijilaze. Lakini radi haina dawa ya namna hiyo. Mawingu ya alasiri yakitanda upande wa msituni, mwenye akili huchomoa plagi ukutani pamoja na waya wa mtandao, na kompyuta iliyochomolewa haisikii wito wa mtu yeyote. Kwa hiyo asiyeweza kukaa mchana mmoja bila hati zake ni heri azibebe katika flashi.