Kompyuta Ndani ya Kompyuta

Katika baadhi ya nyumba siku hizi utakuta seva ya kuhifadhi. Ni sanduku dogo lenye diski mbili au nne, linalowaka usiku na mchana likitunza picha za harusi, vyeti na hesabu za duka. Kando yake huenda ipo Raspberry Pi, kompyuta yenye ukubwa wa kadi ya benki. Je, ipo haja ya kuwa na zote mbili?

Raspberry Pi ilianza kuuzwa Uingereza tarehe 29 Februari 2012, kwa dola 35. Ilikusudiwa kuwafundisha vijana kuandika programu, lakini watu wazima wakaipa kazi za nyumbani. Mojawapo ni kuendesha Pi-hole, programu inayozuia matangazo ya biashara. Simu inapouliza anwani ya tovuti, Pi-hole hutazama orodha yake. Ikiona ni anwani ya matangazo, simu hurudi mikono mitupu.

Tatizo ni kwamba kompyuta hiyo kwa kawaida hutegemea kadi ndogo ya kumbukumbu. Kadi huchakaa kwa kuandikwa mfululizo, na umeme ukikatika ghafla inaweza kuharibika.

Hapo ndipo inapoingia kompyuta pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili wake. Si jambo geni, kwani IBM ilitangaza mfumo wake wa VM/370 tangu mwaka 1972. Seva ni mwenye nyumba, na kompyuta pepe ni mpangaji. Humpa chumba katika diski, sehemu ya kumbukumbu ya kazi, na anwani yake kwenye mtandao wa nyumbani. Mpangaji huyo hudhani nyumba nzima ni yake. Kwa Pi-hole, megabaiti 512 za kumbukumbu ya kazi na gigabaiti 4 za diski zatosha.

Hata hivyo, kabla hujamkaribisha, angalia mambo matatu.

Kwanza ni lugha. Prosesa ya Raspberry Pi ni ya aina ya ARM, ilhali seva nyingi za nyumbani hutumia Intel au AMD. Kwa hiyo usinakili kadi yako ukatarajia ifanye kazi. Weka upya Debian iliyotengenezwa kwa prosesa ya seva yako, kisha Pi-hole juu yake. Programu isiyojua lugha nyingine ila ARM itahitaji mkalimani kama QEMU, na mkalimani hupunguza mwendo sana.

Pili ni nyaya. Raspberry Pi ina pini 40 za kuunganisha vipimajoto, taa na swichi. Seva haina pini hizo, na kompyuta pepe haiwezi kuzizua. Kazi ya namna hiyo iachie kompyuta yake ndogo.

Tatu, na hili ndilo zito, ni usalama. Ukiweka kila kitu katika sanduku moja, likizimika vyote huzimika. Pi-hole ikilala, simu za nyumba nzima hazitafungua tovuti hata kama intaneti ipo. Zaidi ya hayo, Januari 2022 programu haribifu ya Deadbolt ilivamia maelfu ya seva za kuhifadhi zilizoachwa wazi kwenye intaneti, ikafunga mafaili na kudai fidia. Waliokuwa na nakala mahali pengine waliweza kurudisha picha zao bila kulipa.

Basi usifungue mlango wa seva kuelekea intaneti kwa ajili ya mpangaji. Weka nakala ya mafaili nje ya sanduku hilo, wala usimruhusu aone mafaili ya familia.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu mpe jembe siku ya kwanza, lakini ufunguo wa kabati baki nao mwenyewe.

Tukutane juma lijalo, majaliwa.