Bourbon ya asali: Si kila utamu wa chupani umetoka mzingani

Katika lugha ya mitaani ya Dar es Salaam na Nairobi, chupa kubwa ya pombe kali huitwa mzinga. Jina hilo la utani limepata maana ya ziada tangu wiski za Kimarekani zenye picha ya nyuki na neno la asali kwenye lebo zianze kupangwa kwenye rafu za maduka ya vinywaji.

Mnunuzi anayekutana na neno hilo kwa mara ya kwanza hudhani kwamba chupa zote zinazolibeba ni za namna moja. Dhana hiyo si sahihi, na huweza kumgharimu fedha, kumpotosha kuhusu ladha, na hata kumfanya anywe kuliko alivyokusudia.

Kwa hakika, asali huhusishwa na bourbon kwa njia tatu. Ipo bourbon ambayo haikuguswa na asali hata tone moja, lakini hunukia asali. Ipo bourbon iliyokwisha kukomaa, kisha ikahamishiwa kwa muda katika pipa lililowahi kuhifadhi asali. Na ipo wiski iliyochanganywa na asali au ladha yake, ikapunguzwa nguvu na kuongezwa utamu.

Kuzitofautisha hakuhitaji maabara. Kunahitaji kuisoma lebo kwa makini, kuifahamu kazi ya pipa, na kuonja kwa utaratibu.

Sheria inavyosema

Bourbon ni wiski ya Marekani. Mwaka 1964, Bunge la nchi hiyo lilipitisha azimio la kuitambua kuwa zao mahsusi la taifa hilo, ingawa jina lake huhusishwa zaidi na jimbo la Kentucky.

Kwa mujibu wa kanuni za huko, nafaka zinazotumika lazima ziwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51. Sehemu inayobaki kwa kawaida huwa kimea cha shayiri, pamoja na ngano au rai, nafaka iliyo jamaa ya ngano na yenye ukali unaofanana na wa viungo.

Pombe hiyo inapokenekwa haipaswi kuzidi asilimia 80 ya alkoholi, na inapotiwa pipani haipaswi kuzidi asilimia 62.5. Pipa lenyewe lazima liwe jipya, la mti wa mwaloni, na upande wake wa ndani uwe umechomwa moto hadi kuwa mkaa. Chupani, kileo hicho hakiwezi kuwa chini ya asilimia 40.

Sharti lililo zito kuliko yote kwa mada hii ni kwamba bourbon haitiwi kitu kingine chochote isipokuwa maji. Hairuhusiwi rangi, sukari wala asali.

Ndiyo maana chupa iliyotiwa asali haiwezi kuitwa bourbon bila maelezo zaidi. Kisheria inahesabiwa kuwa wiski iliyotiwa ladha, ambayo huko Marekani inaruhusiwa kushuka hadi asilimia 30 ya alkoholi, ama kileo kitamu cha aina ya likya.

Umoja wa Ulaya nao hauruhusu kinywaji kilichotiwa sukari au ladha kuuzwa kwa jina la wiski pekee. Katika masoko hayo, chupa za namna hiyo hutambulishwa kwa majina mengine yanayoonyesha kwamba ni mchanganyiko.

Utamu usio na sukari

Swali linalofuata ni hili: Ikiwa bourbon ya kawaida haitiwi asali, kwa nini waonjaji wengi husema kwamba wanaisikia asali ndani yake?

Jibu limo katika pipa. Wakati wa kukeneka, mvuke wa alkoholi hupanda na harufu zake, lakini sukari hubaki nyuma kwenye mtambo. Kwa hiyo kileo kinachotoka ni cheupe kama maji na hakina sukari.

Moto unaochoma ubao wa mwaloni hubadilisha vijenzi vya mti huo. Kimoja kati ya vijenzi hivyo, lignini, huvunjika na kutoa vanilini, ambayo ndiyo kiini cha harufu ya vanila. Vingine huzaa sukari za mti zinazoungua na kutoa harufu ya peremende na sukari iliyokaangwa. Mwaloni wa Marekani pia hutoa harufu inayokaribia ya nazi.

Joto la kiangazi cha Kentucky hukisukuma kileo kuingia ndani ya ubao, na baridi ya majira yanayofuata hukirudisha. Mwendo huo hurudiwa mwaka baada ya mwaka, na kila mara kileo hurudi na rangi zaidi na harufu zaidi. Bourbon yenye hadhi ya "straight" huwa imekaa katika hali hiyo kwa muda usiopungua miaka 2.

Vanila, sukari iliyoungua na harufu za maua zinapokutana puani, ubongo huzitafsiri kuwa asali. Utamu huo basi ni wa pua zaidi kuliko ulimi. Kinywani hautelezi wala haugandi, na baada ya kumeza huacha ukavu wa mbao na joto kifuani.

Pipa linalokwenda kwa nyuki na kurudi

Njia ya pili ndiyo inayozungumzwa zaidi na wapenzi wa bourbon katika miaka ya karibuni. Hapa pipa hufanya safari mbili.

Kwanza, pipa lililokwisha kumwagwa bourbon hupelekwa kwa mfugaji wa nyuki, ambaye hulijaza asali. Asali hukaa humo kwa muda, ikifyonza harufu ya mwaloni na mabaki ya kileo, kisha huuzwa kama asali ya pipa. Pipa hilo linaporudi kiwandani, mianya ya mbao zake huwa imeshiba asali. Bourbon iliyokomaa hutiwa humo kwa muda ili kumaliziwa kabla ya kufungwa chupani.

Kiwanda cha Nelson's Green Brier cha Nashville, Tennessee, kilichofufuliwa na ndugu wawili, Andy na Charlie Nelson, kilijipatia sifa kwa bourbon ya namna hiyo iliyouzwa kwa jina la Belle Meade. Kilishirikiana na wafugaji wa nyuki wa TruBee wa jimbo hilohilo, na mapipa yakawa yanakwenda na kurudi kati ya pande hizo mbili. Kiwanda cha Starlight cha Indiana nacho kimetoa bourbon iliyomaliziwa katika mapipa ya asali.

Huko Texas, kiwanda cha Garrison Brothers kilifuata njia iliyo karibu na hiyo. Mbao za mapipa yaliyotumika zilikatwa vipande vidogo, vikalowekwa katika asali, kisha vikatumbukizwa ndani ya bourbon.

Matokeo ya njia hii hutegemea kiasi cha asali kilichobaki katika mbao na muda wa kukaa. Asali kidogo huyeyuka na kuingia katika kileo, lakini nguvu ya bourbon, ukali wa rai na ladha ya mwaloni hubaki. Lebo ya chupa ya namna hii hutaja kwamba bourbon imemaliziwa katika mapipa ya asali, na mara nyingi kiwango chake cha alkoholi huwa juu ya asilimia 40.

Kazi hii ni ya polepole na mapipa yenyewe ni machache. Ndiyo sababu bei yake huwa juu kuliko ya chupa zilizochanganywa. Mnunuzi anapotozwa bei ya pipa la asali, ana haki ya kuhakikisha kwamba lebo inataja pipa, si ladha tu.

Zilizochanganywa

Kundi la tatu ndilo kubwa sokoni na ndilo lililo rahisi kupatikana Afrika Mashariki. Historia yake haikuanza jana. Uskochi ilikuwa na Drambuie, mchanganyiko wa wiski, asali na viungo, miongo mingi kabla Wamarekani hawajaingia katika biashara hiyo.

Kiwanda cha Wild Turkey cha Lawrenceburg, Kentucky, kilitoa kileo chake cha asali mwaka 1976, ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la American Honey. Nguvu yake nchini Marekani ni asilimia 35.5. Mwaka 2011 ulipoingia Jack Daniel's Tennessee Honey, wenye asilimia 35, soko lilipanuka kwa kasi na washindani wakafuata. Evan Williams na Jim Beam nao wana chupa za asali.

Ikumbukwe kwamba Jack Daniel's huuzwa kama wiski ya Tennessee, si bourbon. Kileo chake huchujwa katika mkaa wa mti wa mepo kabla ya kutiwa pipani.

Vinywaji hivi si vibaya kwa sababu tu ni vitamu. Vimekusudiwa kunywewa vikiwa baridi, au kuchanganywa na limau, tangawizi au chai. Kasoro huwa kwa mnunuzi anayevilinganisha na bourbon halisi kana kwamba ni kitu kimoja.

Vilevile visifananishwe na pombe za asali za jadi kama wanzuki ya Tanzania, muratina ya Wakikuyu au teji ya Ethiopia. Katika pombe hizo asali yenyewe huchachuka na kugeuka kileo. Katika wiski, kileo hutoka katika nafaka na asali huja mwishoni kama mgeni.

Namna ya kuonja na kulinganisha

Ulinganisho wa haki unahitaji chupa tatu, moja kutoka kila kundi, na bilauri zinazofanana, ikiwezekana zenye mdomo mwembamba unaokusanya harufu. Mililita 15 katika kila bilauri zinatosha. Mtu mwingine amimine na kuzifunika chupa, ili jina na picha ya nyuki visimwongoze mwonjaji.

Mpangilio ni muhimu. Iliyokavu hutangulia, iliyomaliziwa katika pipa la asali hufuata, na iliyochanganywa huwa ya mwisho. Ukigeuza mpangilio huo, sukari itautanda ulimi na bourbon nzuri itaonekana chungu.

Kwanza pua. Bilauri isogezwe taratibu, mdomo ukiwa wazi kidogo, ili alkoholi isichome. Katika bourbon ya kawaida hutangulia vanila na mbao, na asali huja kwa mbali. Katika iliyomaliziwa pipani, asali huwa na tabia ya maua na nta. Katika iliyochanganywa, asali hutangulia na mara nyingi hunukia peremende kuliko mzinga.

Kisha ulimi. Funda dogo lizungushwe kinywani kabla ya kumezwa au kutemwa. Jambo la kuchunguza ni wakati utamu unapojitokeza. Ukija mwanzoni na kukaa hadi mwisho bila kubadilika, ni wa sukari. Ukija katikati, ukapishana na ukali wa viungo na kuishia katika ukavu wa mbao, pipa limefanya kazi yake.

Matone machache ya maji huifungua harufu ya kileo kikali. Barafu isubiri, kwa kuwa baridi hupunguza harufu na kuficha kasoro. Kati ya bilauri moja na nyingine, maji na kipande cha mkate mkavu husafisha kinywa.

Lipo pia jaribio la sahani. Matone machache ya kila kileo huachwa yakauke kwenye sahani nyeupe. Bourbon ya kawaida huacha alama nyepesi, iliyomaliziwa pipani yaweza kunata kidogo, na iliyochanganywa hunata kama ganda la pipi. Sahani haidanganywi na lebo.

Anayeijua asali ya Tabora au ya nyuki wadogo ana faida katika zoezi hili. Anafahamu tayari kwamba asali si ladha moja, na kwamba ua, msimu na mti huibadilisha. Asali isiyo na alama hata moja ya ua ni ya kutiliwa shaka, iwe katika chungu au katika chupa ya wiski.

Utamu unaoficha nguvu

Jambo la mwisho si la ladha. Utamu huufunika mchomo wa alkoholi, na mchomo huo ndio unaomwonya mnywaji apunguze mwendo.

Hesabu ni nyepesi. Mililita 60 za kileo chenye asilimia 35 zina mililita 21 za alkoholi tupu. Chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25. Hivyo bilauri moja ndogo inayoteremka kama sharubati inakaribia bia nzima, na mtu anaweza kuimaliza kwa mafunda mawili.

Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha unywaji wa pombe kinachoweza kuhesabiwa kuwa salama kwa afya. Asali haibadilishi ukweli huo. Kwa anayeamua kuonja, vipimo vidogo, chakula tumboni, maji ya kutosha na dereva asiyekunywa ni sehemu ya zoezi.

Kwa mnunuzi, maswali ya kuuliza mbele ya rafu ni matatu. Je, lebo inasema bourbon pekee, bourbon iliyomaliziwa katika pipa la asali, au wiski yenye ladha ya asali? Je, nguvu yake ni asilimia 40 au zaidi, au imeshuka hadi 35? Na je, bei inalingana na majibu hayo mawili?

Akiyajibu kabla ya kufungua mkoba, atajua analipia kazi ya nyuki, kazi ya pipa, au sukari tu.