Shuka na mimi Kyela: kwa nini saratani moja inafuata joto na mvua?

Panda Kosta asubuhi pale Mbeya, kaa dirishani. Mji uko kwenye mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo umevaa sweta. Unapita Uyole, Kiwira, halafu Tukuyu na mashamba yake ya chai. Baada ya hapo barabara inashuka kweli kweli. Chai inabaki nyuma, inakuja migomba na kakao, na mwisho majaruba ya mpunga wa Kyela. Sweta umeshaivua. Hapa Ziwa Nyasa liko kwenye mita 475 tu, jasho linatoka, na jioni mbu wanakusubiri.

Ndani ya saa chache umevuka mstari ambao daktari mmoja aliufuatilia kwa gari miaka zaidi ya 60 iliyopita. Mstari huo ndio ulioifungulia sayansi njia ya kuelewa saratani ya watoto inayoitwa limfoma ya Burkitt.

Daktari, gari kuukuu na ramani

Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuwa Mulago, Kampala, alioneshwa mtoto mwenye uvimbe kwenye taya, pande zote mbili. Baadaye akaona mwingine, na mwingine tena. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walichukua gari kuukuu la Ford wakazunguka kwa wiki 10, takribani kilomita 16,000, hadi Afrika Kusini. Kila hospitali swali lilikuwa lile lile: uvimbe huu mnauona hapa?

Karibu na ikweta, juu ya mita 1,500 hivi haukuwepo. Lakini kadiri walivyoelekea kusini, mstari huo nao ulishuka. Ukifikiri kidogo utaona maana yake: jambo lenyewe si kimo, ni joto na mvua. Na nani anapenda joto na mvua? Mbu wa malaria. Nyanda za chini kama hizi za Kyela zina sifa zote mbili.

Burkitt alitoa mhadhara London mwaka 1961. Aliyekuwa akimsikiliza, Anthony Epstein, akaomba sampuli za uvimbe zitumwe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 yeye na wenzake walitangaza wamekuta virusi vipya ndani ya seli hizo. Leo tunaviita virusi vya Epstein-Barr, au EBV.

Ngoja: wengi wetu tunavyo

Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wamebeba EBV. Malaria nayo, hasa ukanda huu, nani hajaugua? Lakini limfoma ya Burkitt ni ugonjwa adimu. Kwa hiyo mtoto wako akiugua malaria, usianze kuwaza saratani. Kuna hatua nyingine lazima itokee, na hiyo inatokea ndani ya seli moja. Hapo ndipo kazi ya mwanasayansi wa jinomu inapoanza.

Jinomu ni maelekezo yote ya mwili, herufi kama bilioni 3 za DNA. Mwanasayansi anachukua sampuli mbili kwa mgonjwa yule yule: kipande cha uvimbe, na seli zake zisizo na ugonjwa. Mashine inasoma DNA ya zote mbili kwa vipande vidogo vidogo, kompyuta inavipanga, kisha analinganisha. Kilichopo kwenye uvimbe na hakipo kwenye seli nzima ndicho kilichoharibika njiani. Ndiyo maana kazi hii inataka mtu wa baiolojia anayeelewana pia na takwimu na programu za kompyuta. Siku nyingi hashiki hata bomba la maabara. Yuko mbele ya skrini akitafuta kosa.

Kosa lenyewe

Kwenye limfoma ya Burkitt, kosa kuu ni kipande cha kromosomu namba 8 kubadilishana nafasi na kipande cha nyingine, mara nyingi namba 14. Kipande hicho kina kinasaba cha MYC, kinachoamuru seli igawanyike. Kule kilikohamia, jirani yake ni kinasaba cha kutengeneza kingamwili, ambacho kwenye seli hizi hakizimwi. Ni kama swichi ya taa yako kuunganishwa na jenereta ya jirani asiyelala.

Nani alikata? Mwili wenyewe. Seli B zina kimeng'enya kiitwacho AID, kinachobadilisha na kukata DNA kwa makusudi ili kingamwili ziwe bora. Malaria ya mara kwa mara inakifanyisha kazi kupita kiasi, na mkasi ukitumika sana, siku moja unakata pasipotakiwa. Seli iliyoharibika hivyo kwa kawaida hujiua. EBV husaidia kuizuia isife.

Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa jinomu uliolinganisha uvimbe wenye EBV na usio nayo. Wenye EBV ulikuwa na alama nyingi zaidi za AID, lakini makosa machache zaidi kwenye vinasaba vinavyoamuru seli kujiua. Yaani kazi hiyo tayari virusi vinaifanya. Ramani ya Burkitt imesomeka tena, safari hii ndani ya DNA.

Inamsaidia nini mtoto wa Matema?

Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku 1 au 2. Habari njema: kwa sababu unakua haraka, dawa za kemotherapia huuweza. Kwenye nchi tajiri watoto zaidi ya 9 kati ya 10 hupona. Kwetu ni wachache zaidi, na sababu kubwa ni kuchelewa. Kipande cha uvimbe kinasubiri mtaalamu wa kukisoma, na kutoka Kyela hadi Muhimbili ni zaidi ya kilomita 900.

Uvimbe hudondosha vipande vya DNA yake kwenye damu. Mradi wa AI-REAL, unaohusisha Muhimbili, hospitali ya Lacor ya Uganda na Chuo Kikuu cha Oxford, umekuwa ukipima kama kijiko cha damu kinaweza kuonesha EBV na kosa la MYC bila kukata nyama. Damu inasafiri; mtoto anabaki karibu na nyumbani hadi jibu litoke.

Mpaka kipimo hicho kifike kila wilaya, kipimo cha kwanza ni macho yako. Taya au tumbo la mtoto likivimba na kuongezeka ndani ya siku chache, jino likilegea bila sababu, usimalizie wiki ukimpa dawa ya meno. Mpeleke hospitali leo, na uulize waziwazi: je, inaweza kuwa Burkitt?