Wosia: Kauli ya Mwenye Mali Inayolinda Familia Yake

Katika jamii nyingi nchini, kuandika wosia bado huchukuliwa kuwa ni kujitakia kifo. Mzazi anayegusia mgawanyo wa mali yake huambiwa aache uchuro, na mazungumzo hukomea hapo. Matokeo yake, wengi huondoka duniani bila kuacha kauli, na wanaobaki huanza kugombana kabla tanga halijaondolewa.

Wosia ni tamko linalotolewa na mtu kwa hiari yake, akiwa hai na mwenye akili timamu, kueleza namna mali yake itakavyogawanywa na nani atakayesimamia mgawanyo huo baada ya kifo chake. Wosia hauna nguvu hadi mwenye kuutoa afariki, naye anaweza kuubadili au kuufuta wakati wowote wa uhai wake. Hivyo, anayeandika wosia leo hapotezi umiliki wa nyumba, shamba wala akiba yake.

Wapo wanaoamini kuwa pasipo wosia mali hugawanywa sawa kwa wanafamilia wote. Sivyo. Mtu asipoacha wosia, mahakama hutazama maisha aliyoishi na dini yake ili kubaini sheria ya kutumika: sheria za kimila, sheria ya Kiislamu au Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo ingali inatumika Tanzania Bara. Asiyeandika wosia, kwa hiyo, ameiachia sheria imwamulie.

Tofauti yake huonekana wazi kwa mjane mwenye watoto. Chini ya Sheria ya Urithi ya India, hupata theluthi moja ya mali na watoto hupata theluthi mbili. Chini ya sheria ya Kiislamu, fungu lake ni thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 436, linaeleza kuwa mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Sehemu yake ni kutunzwa na watoto wake. Mwanamke aliyelima na kujenga pamoja na mumewe kwa miaka mingi anaweza kujikuta akitegemea hisani ya wengine katika nyumba aliyoijenga, kwa sababu tu mume hakutamka lolote.

Ili wosia ukubalike, ni vyema uwe wa maandishi, wenye tarehe, jina kamili la mtoa wosia, orodha ya mali, majina ya warithi, jina la msimamizi wa mirathi, pamoja na saini au dole gumba. Kwa sheria za kimila, mtoa wosia anayejua kusoma na kuandika huhitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mwingine mtu baki. Asiyejua kusoma na kuandika huhitaji wasiopungua wanne. Wosia wa mdomo nao huhitaji mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Mrithi asiwe shahidi, kwani jambo hilo huweza kuharibu wosia au kumpotezea haki yake.

Wosia pia una mipaka. Mtu huusia kilicho chake tu. Penye mali ya pamoja, huusia sehemu yake pekee. Mwislamu huusia kisichozidi theluthi moja ya mali, na sehemu iliyobaki hufuata mafungu ya kisheria. Anayemnyima mrithi urithi kwa sheria za kimila hana budi kutaja sababu. Aidha, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto manufaa yanayostahili kutokana na mali ya mzazi wake.

Wosia usiojulikana ulipo ni sawa na usioandikwa. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) hutoa huduma ya kuandika na kuhifadhi wosia, na mwananchi anaweza pia kumtumia wakili. Mtu mmoja au wawili wanaoaminika waelezwe ulipohifadhiwa, hata kama hawaelezwi yaliyomo. Ni busara vilevile kuupitia upya kila panapotokea ndoa, talaka, kuzaliwa kwa mtoto au ununuzi wa mali mpya.

Wosia hauondoi wajibu wa kwenda mahakamani, kwa kuwa msimamizi aliyetajwa bado huthibitishwa na mahakama. Lakini familia huingia mahakamani ikiwa na kauli ya mwenye mali mkononi, badala ya kila mmoja kudai kuwa ndiye aliyeambiwa neno la mwisho na marehemu.