Mzamiaji na Kelele za Pumzi Yake

Watoto wa Pweto, ninyi mwajua kwamba samaki husikia, hata kama hamjafundishwa darasani. Mmekwisha kuona wavuvi wa Mweru wakitega nyavu, kisha wakipiga maji kwa fimbo nzito: pu! pu! pu! Kazi hiyo huitwa kutumpula. Samaki hushtuka, hukimbia kelele, na hujitia wenyewe wavuni. Upande wa Zambia sheria imeikataza. Lakini leo hatusemi habari za sheria.

Samaki hana masikio ya nje kama mbuzi. Masikio yake yamo ndani ya kichwa. Tena, mkimpasua pale, mtaona kifuko cheupe kilichojaa hewa. Kifuko hicho humsaidia kuelea, na kwa samaki wengi husaidia pia kusikia, maana sauti ipitayo majini huitikisa hewa iliyomo. Kambale amewazidi wengine: ana vifupa vidogo vinavyopeleka mtikisiko huo mpaka sikioni. Na majini sauti huenda upesi sana, karibu metre 1,500 kwa sekunde moja. Hewani ni 340 tu.

Sasa fikirini mtu atakaye kuwatazama samaki nyumbani mwao. Atabeba mtungi wa chuma uliojaa hewa iliyoshindiliwa. Kila akitoa pumzi, viputo hutoka kwa kishindo, bobobobo! Yeye amekuja kutazama, na samaki wamekwisha kwenda.

Kifaa cha kumpimia mzamiaji hewa kadiri anavyovuta kilitengenezwa na Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na Émile Gagnan. Mapema mwaka 1943 Cousteau alikijaribu katika mto Marne, karibu na Paris. Alipolala sawasawa majini, hewa ilikuja vizuri. Aliposimama, hewa ilitoroka bure kwa nguvu. Alipoelekeza kichwa chini, alivuta kwa shida. Kwa nini? Kifaa kilikuwa mgongoni, lakini mahali pa kutokea pumzi palikuwa penginepo. Mtu akisimama, pale pa kutokea palikuwa juu zaidi, na maji ya juu husukuma kwa nguvu kidogo kuliko ya chini. Basi wakapeleka mahali pa kutokea pumzi papo hapo karibu na kifaa, na shida ikaisha. Hivyo viputo vikatokea nyuma ya shingo, mbali na uso wa mzamiaji.

Baadaye, mwaka 1952, Mwaustralia Ted Eldred alianza kuuza kifaa cha mpira mmoja tu, ambacho hutoa viputo pale mdomoni. Ni chepesi, na leo karibu wote hutumia cha namna hiyo. Lakini viputo hupita kando ya masikio ya mzamiaji mwenyewe, naye husikia ngurumo kila apumuapo.

Kelele hiyo yatoka wapi? Mwaka 1933 mtaalamu Marcel Minnaert, mzaliwa wa Bruges katika Ubelgiji, alieleza jambo hili. Kiputo kinapokatika, hewa iliyomo hubanwa na kupanuka, hubanwa na kupanuka, kama ngozi ya ngoma iliyopigwa. Kiputo kikubwa huimba sauti nene, kidogo huimba sauti nyembamba. Chenye upana wa sentimetre 2 hutikisika mara 330 hivi kwa sekunde; cha milimetre 2, mara 3,300 hivi.

Jaribuni wenyewe. Chukueni ndoo ya maji na bua nene lenye tundu. Pulizeni: mtasikia gubu-gubu-gubu. Sasa fungeni kitambaa mwisho wa bua, pulizeni tena polepole. Viputo vinakuwa vidogo kama mchanga, na sauti ni kama ya mafuta yanayochemka, tena ndogo.

Wazamiaji wengine, hasa askari wa majini, wamefanya vivyo hivyo. Huweka mahali pa kutokea pumzi kifuniko chenye vitundu vingi sana, ili pumzi ivunjike kuwa viputo vidogo. Sauti hupungua, tena huwa nyembamba, ambayo pale na jamii yake hawaisikii vizuri. (Kambale hadanganyiki upesi hivyo.) Walakini vitundu vikiwa vidogo mno, kutoa pumzi huwa kazi ngumu; hewa chafu hubaki kifuani, na kichwa huuma.

Njia nyingine ni kutotoa viputo kabisa. Mwaustria Hans Hass, aliyepiga picha za samaki katika bahari ya Ugiriki mwaka 1942, alitumia mfuko wa kupumulia. Pumzi hurudi mfukoni, hupita katika chokaa inayokamata hewa chafu, na oksijeni huongezwa kidogo kidogo. Kimya kabisa! Lakini oksijeni tupu ni sumu chini ya metre 6 hivi, na chokaa ikichoka, mzamiaji aweza kuzimia bila kujua. Mashine za sasa huchanganya hewa na kuipima daima; bei yake ni kubwa, nazo hutaka mafundisho marefu.

Wako pia wajinga wanaozuia pumzi ili wasitoe viputo. Hii ni hatari ya kifo. Hewa iliyo kifuani katika kina cha metre 10 huwa karibu maradufu mtu akipanda juu. Asipoitoa, mapafu hupasuka.

Katika ziwa Tanganyika, karibu na Uvira, wataalamu wa Japani walizamia miaka mingi kuchunguza samaki. Mmoja wao, Michio Hori, alieleza mwaka 1993 juu ya samaki mla magamba: wengine kinywa kimepinda kuume, wengine kushoto, na kila mmoja hushambulia ubavu mmoja tu wa samaki mwenzake. Mambo kama hayo hayaonekani ikiwa samaki wote wamekimbia. Kwa hiyo mzamiaji wa mtungi wa kawaida hupumua taratibu, hutulia mahali pamoja karibu na jiwe, asipige maji kwa miguu. Na baada ya muda samaki huzoea viputo vyake na kurudi kazini.