Pikapu ya Familia: Dizeli au Petroli?

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Msemo huo ulifaa zamani, wakati majembe ya Usukuma na Uzinza yalipofuliwa na wahunzi wa Kirongo, yote ya namna moja, na tofauti ikawa katika mikono ya mlimaji. Lakini kwa jembe la magurudumu manne, yaani pikapu, mambo ni kinyume. Asiyechagua hapa hulima mwaka mzima kwa faida ya mwenye kituo cha mafuta na fundi wa gereji.

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita pikapu si pambo la kuegeshwa mbele ya nyumba. Ndiyo inayochukua mpunga wa Kahama kupeleka mashineni, viroba vya mawe ya dhahabu kutoka maduarani kwenda kwenye karasha, mbao za matimba, mapipa ya maji, na jioni ndiyo inayompeleka mgonjwa hospitali. Wengi huinunua kwa fedha ambayo haitapatikana mara ya pili: kiinua mgongo cha mfanyakazi aliyestaafu, mauzo ya ng'ombe wa ukoo, au mgawo wa duara lililotema baada ya miaka ya kuchimba mwamba mtupu. Akiba hiyo ikizama katika injini isiyofaa, halisimami gari peke yake. Husimama pia ada ya shule, matofali ya nyumba na mtaji wa mama wa dukani.

Kwa hiyo swali la dizeli au petroli si la baba na fundi wake tu. Ni la nyumba nzima, nalo linastahili kujibiwa kwa hesabu, si kwa sifa za barazani.

TOFAUTI YAO

Injini ya petroli huvuta hewa na petroli, ikaushindilia mchanganyiko huo mara nane hadi kumi na moja hivi, kisha cheche ya plagi ikauwasha. Injini ya dizeli haina cheche. Huvuta hewa tupu na kuishindilia mara 15 hadi zaidi ya 20, mpaka hewa hiyo ikawa na joto la kuweza kuyawasha mafuta yenyewe mara yanaponyunyizwa na noseli.

Aliyeibuni ni Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, na injini yake ya kwanza iliyofanikiwa ilifanya kazi mjini Augsburg mwaka 1897. Katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ya namna yake ilionyeshwa ikienda kwa mafuta ya karanga, zao ambalo wakulima wa Shinyanga wanalijua vizuri. Lakini msomaji asidanganyike na habari hiyo. Injini ile ya kale ilistahimili mengi ambayo dizeli ya leo haistahimili hata kidogo, kama tutakavyoona.

Kushindilia huko kwa nguvu ndiko chanzo cha sifa na gharama za dizeli. Kwa upande wa sifa, injini huitumia vizuri zaidi nishati ya mafuta. Tena lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya lita moja ya petroli kwa zaidi ya asilimia kumi. Kwa upande wa gharama, vyuma havina budi kuwa vinene na vizito, pampu na noseli hutengenezwa kwa vipimo vya nywele, na bei ya gari hupanda.

NGUVU YA MZIGO

Watu wengi huuliza, “Gari hili lina nguvu za farasi ngapi?” Kwa pikapu ya kazi swali hilo halitoshi. Tutazame mfano wa Toyota Hilux, gari linalojulikana sana katika mikoa hii. Injini yake ya petroli ya lita 2.7 hutoa nguvu za farasi zipatazo 160. Injini ya dizeli ya lita 2.4 yenye tabo, iliyoanza kutumika mwaka 2015, hutoa farasi 150 hivi. Kwa hesabu hiyo petroli imeshinda.

Lakini pima nguvu ya kuvuta, ile inayozungusha gurudumu lililozama matopeni. Petroli hufikia nyutoni-mita 245, tena mpaka injini izunguke mara 4,000 hivi kwa dakika. Dizeli hufikia 400, ikianza na mizunguko 1,600 tu. Maana yake ni kwamba, ukiwa na tani moja ya mawe nyuma, katika udongo mweusi wa mbugani baada ya mvua ya Machi, dizeli hupanda taratibu bila kelele, na petroli hulazimika kupiga kelele na kunywa mafuta.

Tena liko jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii. Ziwa Victoria lenyewe liko meta zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nchi ya Geita iko juu zaidi. Hapo hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam, na injini isiyo na tabo, iwe ya petroli au ya dizeli, hupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu zake. Dizeli za zamani za Hilux zijulikanazo kwa majina ya 2L, 3L na 5L aghalabu hazina tabo. Ni imara na mafundi wetu wanazijua, lakini asitarajie mtu mbio kutoka kwao.

HESABU YA NYUMBANI

Sasa chukua kalamu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba lita ya petroli na ya dizeli zote ni Sh. 3,000. Bei za mafuta haya mawili huwa karibukaribu, mara hili juu, mara lile. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, hutangaza kila mwezi bei kikomo za kila mji, nawe weka bei ya mji wako badala ya hiyo. Tuseme pia kwamba pikapu ya petroli yaenda kilometa 9 kwa lita na ya dizeli kilometa 12, na kwamba ya dizeli ilinunuliwa kwa Sh. 6,000,000 zaidi.

Mtu wa kwanza ana kazi ya kubeba mawe na vyakula kati ya Katoro, Geita na machimboni. Hutembea kilometa 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, yaani kilometa 30,000. Kwa petroli atalipa Sh. 10,000,000; kwa dizeli Sh. 7,500,000. Ameokoa Sh. 2,500,000 kwa mwaka, na katika muda usiofika miaka miwili na nusu ile milioni sita imerudi.

Mtu wa pili ana duka mjini Shinyanga. Hutembea kilometa 20 kwa siku, yaani 6,000 kwa mwaka, juu ya lami. Petroli itamgharimu Sh. 2,000,000 na dizeli Sh. 1,500,000. Ameokoa nusu milioni. Itamchukua miaka 12 kurudisha milioni sita zake, na noseli zikiharibika mara moja tu, akiba ya miaka kadhaa huondoka siku hiyo hiyo. Mtu huyu akinunua dizeli kwa kuwa jirani yake wa machimboni anaisifu, amenunua shida ya jirani bila kupata faida yake.

MAFUTA YENYEWE

Hapa ndipo wengi huangukia. Dizeli si moto wa injini tu. Ndiyo pia grisi ya pampu na noseli. Ikichanganywa na mafuta ya taa hupungua ulaini, na chuma husagana na chuma. Ikiwa na maji, kutu huanza kula. Tanzania iliufahamu vizuri ugonjwa huo, hata neno “kuchakachua” likaenea kila nyumba. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta ili kuyatambua yaliyochezewa, na katika bajeti ya mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa karibu sawa na ya dizeli, ili faida ya kuchanganya iondoke.

Hata hivyo dumu la kando ya njia huko machimboni halina vinasaba vya kukulinda dhidi ya mvua na vumbi. Dizeli ya kizamani yenye pampu ya kawaida huweza kusamehe kosa hilo mara moja mbili. Dizeli ya kisasa, ambayo husukuma mafuta kwa kani inayozidi mara elfu moja ile ya hewa ituzungukayo, haisamehi. Punje ya uchafu isiyoonekana kwa macho huweza kuua noseli, na seti ya noseli mpya huuzwa kwa mamilioni ya shilingi.

Kwa hiyo kabla hujauliza “dizeli au petroli?” jiulize, “Nitajaza wapi?” Ikiwa waweza kujaza katika kituo cha kuaminika Kahama, Shinyanga au Geita mjini, dizeli ya kisasa ni mtumishi mwema. Ikiwa maisha ya gari ni ya kudunduliza kutoka vidumu vya kijijini, afadhali dizeli ya zamani iliyotunzwa, au petroli. Petroli chafu huziba plagi na chujio, na pampu yake huweza kufa, lakini kwa kawaida matengenezo yake hayafiki bei ya noseli. Mwenye dizeli na awe na desturi ya kuyamwaga maji yaliyojitenga chini ya chujio, na kulibadili chujio hilo kabla ya wakati.

Mchimbaji ana faida moja ya pekee. Ikiwa jenereta na kompresa yake vyatumia dizeli, pipa moja latosha kwa vyote, wala hakuna hatari ya kijana kukosea na kutia petroli katika tangi la dizeli. Kosa hilo likitokea, injini isiwashwe hata kidogo. Tangi limwagwe kwanza.

KUIKAGUA ILIYOTUMIKA

Wengi wetu hatununui gari jipya. Basi nenda asubuhi, injini ikiwa baridi, wala usikubali kuikuta imekwisha kuwashwa. Moshi wa buluu ni dalili ya kuunguza oili. Moshi mweusi mwingi ni dalili ya noseli mbovu au hewa iliyozibwa, jambo la kawaida katika vumbi letu la kiangazi. Moshi mweupe usiokoma huweza kuwa mafuta yasiyowaka au maji yanayoingia ndani ya silinda. Katika 2L na jamaa zake uliza habari za joto, kwa maana injini hizo zikichemka kichwa cha silinda huweza kupasuka. Uliza pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Hubadilishwa kila kilometa 100,000 hivi, na ukikatika njiani valvu hupinda. Muuzaji asipojua, hesabu kwamba haujabadilishwa, na gharama hiyo uitoe katika bei.

AFYA NA USALAMA

Mwezi Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Nchi za Afrika Mashariki zimechukua hatua, na mwaka 2015 zilianza kutumia kiwango kipya cha dizeli yenye salfa ndogo. Pamoja na hayo, dizeli isiachwe ikinguruma chini ya dirisha la watoto. Wala petroli isihesabiwe kuwa safi: moshi wake ndani ya banda lililofungwa una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua upesi.

Petroli ina hatari nyingine. Hutoa mvuke unaowaka hata katika baridi, ilhali dizeli huhitaji kupashwa moto kwanza. Msiba wa Msamvu, Morogoro, wa tarehe 10 Agosti 2019, ambapo zaidi ya watu 100 walikufa baada ya lori la mafuta kupinduka na kulipuka, haupaswi kusahauliwa. Dumu la petroli lisilale ndani ya nyumba wanamolala watu au jikoni, hata kwa usiku mmoja.

SHAURI LETU

Ndugu msomaji, kabla ya kutoa fedha keti na mwenzio wa nyumbani, mjibu maswali manne kwa maandishi. Gari litatembea kilometa ngapi kwa mwaka? Litabeba nini, na katika njia gani? Litajazwa mafuta wapi? Na ni fundi gani, aliye karibu, anayeijua injini hiyo kwa kazi wala si kwa maneno?

Ikiwa majibu ni kilometa nyingi, mzigo mzito, njia mbovu na mafuta ya kuaminika, chukua dizeli bila wasiwasi. Ikiwa ni safari fupi za mjini na mzigo mwepesi, chukua petroli, na ile milioni sita iwe mtaji wa duka. Ikiwa kazi ni nzito lakini mafuta na mafundi ni wa mashaka, tafuta dizeli ya zamani isiyo na mambo mengi, ukubali mwendo wake wa polepole.

Kupanga ni kuchagua, na katika jambo hili kazi ndiyo ichague injini. Gari lililochaguliwa hivyo huenda lisisifiwe barazani, lakini mwezi Januari, ada za shule zinapodaiwa, litakuwa bado barabarani likizitafuta.