JICHO HUJIFUNZA LILE LINALOTAFUTA



Mama aliyezoea kuchambua mahindi huona punje yenye ukungu mara moja. Msichana anayeanza leo, kwa uteo ule ule, anaona mahindi tu. Si kwamba macho yake ni mabovu. Jicho hufundishwa, na mwalimu wake ni uangalifu.

Jambo hili si dogo. Mwaka wa 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua kwa sumu ya aflatoksini iliyotokana na mahindi yenye ukungu. Kati yao 125 walikufa.

Jicho hujifunzaje?

Mwaka wa 1993 watafiti Merav Ahissar na Shaul Hochstein wa Jerusalem waliwapa watu mazoezi mawili kwa picha zile zile za mistari: kutambua umbo la mistari yote pamoja, na kutafuta mstari mmoja ulioinama tofauti. Zoezi moja halikusaidia sana lile jingine, ingawa picha ni hizo hizo. Yaani, kutazama tu hakutoshi. Mtu anaweza kupika githeri miaka ishirini na bado asitambue punje mbaya, kwa sababu hakuwahi kuitafuta.

Lakini jicho likishazoea, punje mbaya yenyewe ndiyo inakuita. Kwanza uangalifu ulifundisha jicho; sasa jicho linaongoza uangalifu. Hapo pia kuna hatari: aliyezoea kutafuta weusi peke yake anaweza kupita punje iliyotobolewa na wadudu.

Kwa hivyo fanyeni hivi:

1. Wekeni punje nzuri na mbaya kando kando. Tajeni tofauti: rangi, ukungu, mipasuko, matundu.
2. Anayeanza atafute kasoro moja kwanza, halafu aongeze nyingine.
3. Aliyezoea amkague papo hapo, si kesho.
4. Pokezaneni kazi. Punje mbaya zikiwa chache, jicho lililochoka huzipita.

Tahadhari: sumu yenyewe haionekani, na kupika hakuimalizi. Kuchambua hupunguza tu hatari. Kausheni mahindi vizuri juu ya turubai, na yaliyoharibika msiwape watu wala mifugo.

Maswali ya kujadiliana:
- Kwetu nani anawafundisha wanaoanza kuchambua?
- Ni punje za aina gani zinazotuponyoka?